Ramu Zilizofaulu Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita hapa Mbeya, alfajiri, kipimajoto cha chumba changu cha kazi husoma nyuzi 11. Dirisha linatazama Mlima Loleza, na asubuhi nyingi za kipindi hicho mlima hauonekani kabisa kwa ukungu. Majirani huvaa masweta mawilimawili. Mimi, mwaka juzi, nilifungua dirisha lile makusudi, nikavuta kiti mbele ya kompyuta niliyoiunda mwenyewe, nikaingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mfumo haujaanza, na kuanza kupandisha namba za mwendo wake. Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba anayeovakloki anapambana na joto. Nikaona hali ya hewa ya kwetu imenimalizia nusu ya kazi.

Naishi kwa kupiga na kuhariri video: send-off, harusi, kipaimara, mara mojamoja misiba. Msimu ukichanganya, harusi tatu kwa wiki si ajabu, na kila familia inataka kujiona kabla mwezi haujaisha. Kompyuta niliyoanza nayo ilikuwa ya ofisini, mtumba, na filamu moja ilinichukulia usiku mzima kuitoa. Nikajinyima, nikaagiza vifaa Kariakoo, vikapanda basi, vikapita Kitonga, nikavipokea stendi ya Nanenane vikiwa kwenye boksi lililozungushiwa selotepu mpaka halionekani rangi. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 3600; mazabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa, yenye chipuseti ya B450; na ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mbili za gigabaiti 8 kila moja zilizoandikwa 3200.

Kwa asiyelijua neno kuovakloki: prosesa na ramu hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma inavyowaongoza wachezaji. Kiwandani wamepanga ngoma ipigwe kwa kasi ambayo kila kipande kinachotoka kitaimudu, hata kilicho dhaifu kuliko vyote, hata kikiuzwa nchi ya joto na kufungwa kwenye kasha lisilopumua. Kipande chako pengine kinaweza zaidi ya hapo. Kuovakloki ni kuongeza kasi ya ngoma mpaka wachezaji waanze kukosea hatua, kisha kurudi nyuma. Mara nyingi ili wasikosee unawaongezea volti, na hapo ndipo gharama inapoanza, kwa sababu umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volti. Ongeza volti kwa asilimia 10, matumizi yanapanda kwa asilimia 21 hata kabla hujagusa mwendo. Karibu umeme wote huo unatoka tena kama joto.

Nilianza na prosesa, kama wanavyoanza wengi. Ryzen 5 3600 iliingia sokoni tarehe 7 Julai 2019 ikiwa na viini 6 na nyuzi 12 za kazi (si za joto), mwendo wa msingi gigahezi 3.6, na ikiachwa ijiongoze hupanda yenyewe hadi 4.2 kazi ikiwa ndogo. Nikaifunga 4.2 kwa viini vyote, volti 1.3. Ikashika. Nikajaribu 4.3, ikaganda katikati ya kurenda, yaani kuitoa filamu, nikaongeza volti, ikaganda tena. Nikarudi 4.2, nikapima kwa filamu ileile ya dakika 20 niliyoitumia kama kipimo. Bila kuovakloki ilikuwa imechukua dakika 31. Sasa ikachukua 30. Joto la prosesa lilikuwa limetoka nyuzi 72 hadi 84.

Dakika moja. Niliikalia hiyo dakika moja jioni nzima, nikapekua mpaka nikaelewa. Prosesa za siku hizi zinajiovakloki zenyewe: hii yangu inapima joto lake na umeme wake bila kupumzika, ikipanda na kushuka kwa hatua za megahezi 25, na chochote kilichobaki mezani kwa ajili ya fundi wa nyumbani ni makombo. Enzi za zamani watu waliongeza theluthi nzima ya mwendo kwa kubadilisha namba moja. Kwa prosesa za namna hii enzi hiyo imepita, na anayekushawishi ununue hitisinki, kipoza joto cha prosesa, kubwa ya gharama ili kupata megahezi 100 zaidi anakupotezea fedha. Nikairudisha prosesa ijiongoze, na mpaka leo inajiongoza.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote, nililigundua kwa kukokotoa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho, kwa vipimo vya kawaida vya anga, ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hapa inasukuma ujazo uleule ambao ingeusukuma Dar es Salaam, ila ndani ya ujazo huo hewa ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto dogo zaidi. Baridi ya mwezi wa sita inafidia na kuzidi. Lakini chumba cha Mbeya kikifika nyuzi 27, kompyuta itachemka kuliko itakavyochemka kwenye chumba cha nyuzi 27 cha pwani. Hili nililiandika kwenye daftari kama jambo la kupendeza tu.

Faida yenyewe ilikuwa kwenye ramu.

Kwanza niseme jambo ambalo lingewasaidia watu wengi bila hatari kubwa. Ramu iliyoandikwa 3200 haikimbii 3200 kwa sababu tu umeichomeka. Mara nyingi mazabodi inaiwasha kwa kasi ya tahadhari, 2133 au 2400 au 2666, mpaka uingie kwenye bayosi na kuwasha kile kinachoitwa XMP, ambacho ni karatasi ya vipimo iliyohifadhiwa ndani ya ramu yenyewe. Zangu zilikuwa zikikimbia 2666. Nimefungua kompyuta za wenzangu wa kazi hapa mjini, za watu wanaolalamika kwamba mashine imezeeka, nikakuta ramu za 3200 zinatembea 2133 kwa miaka mitatu. Vilevile angalia matundu: kama una ramu mbili na mazabodi ina matundu manne, kwa kawaida zinakaa la pili na la nne kutoka kwenye prosesa. Zikikaa pamoja upande mmoja unapoteza nusu ya upana wa njia.

Baada ya hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Hiyo 3200 ni idadi ya safari za data kwa mikrosekunde moja, na kwa sababu ramu za DDR husafirisha mara mbili kwa kila pigo, mapigo halisi ni megahezi 1600. Halafu kuna taimingi, zile namba kama 16-18-18-36 zilizobandikwa kwenye kibandiko. Ya kwanza inasema ramu inasubiri mapigo mangapi tangu ilipoulizwa mpaka itoe jibu. Mapigo 16 kwa kasi ya 3200 ni nanosekunde 10. Mapigo 18 kwa kasi ya 3600 nayo ni nanosekunde 10 zilezile. Mapigo 16 kwa 3600 ni 8.9. Muuzaji atakuonyesha namba kubwa. Wewe gawanya kwanza.

Kwa Ryzen za kizazi hiki kuna sababu nyingine ya kuipenda 3600. Ndani ya prosesa kuna barabara inayounganisha viini na ramu, AMD wanaiita Infinity Fabric, na inafanya kazi vizuri inapopiga mapigo sawasawa na ramu. Ramu ya 3600 inataka barabara ya megahezi 1800, na prosesa nyingi za kizazi hiki zinaimudu. Nilijaribu 3800, maana yake barabara ya 1900. Kompyuta haikuwaka. Nikatoa betri ile ya mviringo kwenye mazabodi, nikasubiri, nikairudisha, nikaanza upya kutoka chini. Nilirudia hivyo mara tano au sita wiki ile, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Ilipotulia kwenye 3600 na mapigo 16, kwa volti 1.35, nikaona niendelee kukaza. Na hapa nieleze taimingi moja, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM alipewa hataza ya ramu ambayo kila chumba chake kina transista moja, swichi ndogo ya umeme, na kapasita moja. Ramu zetu zote bado ni za ukoo huo. Kapasita ni kijichombo cha chaji: kikiwa nayo ni 1, kikiwa kitupu ni 0. Lakini kijichombo hicho kinavuja. Fikiria mitungi mabilioni, yote ina tundu dogo chini, na kuna mtu anayezunguka kuijazia kabla haijakauka. Kwa DDR4, aina ya ramu zangu, mzunguko mzima unatakiwa uishe ndani ya milisekunde 64, na umegawanywa katika amri 8,192, kwa hiyo amri ya kujazia inatoka kila baada ya mikrosekunde 7.8. Wakati wa kujazia, ramu haimjibu mtu. Urefu wa kusimama huko unaitwa tRFC. Kwa chipu kama zangu kiwango cha kawaida ni nanosekunde 350, ambacho kwa kasi ya 3600 ni mapigo 630. Kwa maneno mengine, kama asilimia 4.5 ya muda wote ramu imefunga mlango.

Ukipunguza tRFC, mlango unafunguka mapema. Nilitoka 630 nikaenda 580, 540, 500, nikaishia 468, sawa na nanosekunde 260. Kila hatua ilipunguza kidogo muda wa kusubiri. Kwa jumla, kutoka nilipoanzia 2666 hadi hapo, ucheleweshaji nilioupima ulishuka kutoka nanosekunde 88 hadi 67, na filamu yangu ya kipimo ikatoka dakika 31 hadi 28. Zaidi ya hizo dakika tatu, kuvuta picha mbele na nyuma wakati wa kuhariri kulikuwa kwepesi mkononi, na hilo ndilo nililofanya kutwa nzima.

Nilipima. Sitaki mtu afikiri sikupima. Niliweka Memtest86 kwenye flashi, programu ambayo Chris Brady aliianza mwaka 1994 na bado ndiyo ya kwanza watu wanayoishika, nikaiacha ikimbie usiku. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nane, nikapoteza kila kitu. Usiku wa pili ilimaliza mizunguko yote minne bila kosa hata moja. Dirisha lilikuwa wazi. Chumba kilikuwa nyuzi 11.

Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa. Kompyuta haikuganda hata mara moja.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijashika, ndiyo miezi ya joto huku kwetu. Chumba changu kina paa la bati na dari nyembamba, na alasiri kinafika nyuzi 28. Jumamosi moja nilipiga send-off Tukuyu. Jumapili alasiri, wakati kompyuta inatoa filamu ya harusi nyingine, nilinakili kadi za kamera kwenye diski. Jumatatu nikazifuta kadi, kwa kuwa kulikuwa na kazi nyingine. Jumatano nikafungua video kuanza kuhariri.

Baba wa bibi harusi anamuasa binti yake. Katika maneno ya dakika nne, sehemu tatu picha inavunjika na kuwa vigae vya kijani, nusu sekunde hapa, sekunde nzima pale. Nilidhani kadi imekufa. Kisha faili la kumbukumbu la mradi wa mwezi uliopita likakataa kufunguka, likidai yaliyomo hayalingani na hesabu yake. Hilo halikuwahi kugusa kadi ile. Nikachukua faili moja kubwa kwenye diski ya nje, nikalitolea alama ya SHA-256, ile mistari ya herufi na tarakimu 64 inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili, nikalinakili mara mbili na kutoa alama za nakala. Moja ilikuwa sawa. Nyingine ilikuwa tofauti kuanzia herufi ya kwanza.

Kila kinachonakiliwa hupita kwenye ramu. Mtungi mmoja ulikauka kabla haujajazwa, 1 ikawa 0, na kompyuta ikaandika 0 kwenye diski kwa uaminifu wote, bila onyo, bila kuganda. Prosesa ilipozidiwa mwezi wa sita iliniambia papo hapo kwa kuganda. Ramu haikusema. Kuna ramu za seva zenye ECC, ambazo kwa kila biti 64 huongeza 8 za ulinzi na zinaweza kusahihisha biti moja iliyopinduka. Zangu hazikuwa hizo, na zilizo nyingi madukani si hizo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Tukuyu nikiwa na laptopu. Sikutaka kulisema kwa simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea picha?"

"Nimeleta, baba, ila pale unapomuasa binti pana mahali pameharibika. Kosa si la kamera. Ni kompyuta yangu, na mimi ndiye niliyeipanga hivyo."

Aliniambia nimwonyeshe. Tuliketi barazani. Sehemu ya pili ilipofika, vigae vya kijani vikafunika uso wake, akainua mkono nisimamishe. Hapo ndipo alipokuwa amemtaja mama wa binti, ambaye ni marehemu. Akaniambia nirudishe nyuma. Tuliitazama mara tatu.

"Sauti ipo," akasema mwishowe. "Maneno yote yapo."

Akaingia ndani akatoka na picha ya mkewe, ya studio, yenye kona iliyokunjika. Ndiyo iliyokaa pale kwenye filamu, sekunde tano, sauti yake ikiendelea juu yake. Nyumba nzima waliipenda. Mimi bado kila nikiiona najua kilichokuwa chini yake.

Niliporudi nilipima upya, safari hii alasiri, dirisha limefungwa, feni ya ubavuni nimeizima. Ramu zangu hazina kipimajoto ndani, nikaazima kwa jirani anayefuga kuku kile anachoning'iniza juu ya vifaranga, nikakibana kwa tepu kwenye bati la ramu. Wakati huohuo nikaifanyisha prosesa kazi ya kurenda, kwa sababu Memtest86 peke yake inaipasha ramu moto lakini kasha lote linabaki na ubaridi. Programu ya kupimia ndani ya mfumo ilikimbia dakika 37 bila neno. Kipimajoto cha vifaranga kilipofika nyuzi 46, kosa la kwanza. Dakika mbili baadaye, la pili. Nikafungua dirisha, nikawasha feni, kikashuka hadi 39, na makosa yakakoma. Nilirudia siku tatu mfululizo. Kila siku ilikuwa 45, 46, 47.

Chaji huvuja haraka zaidi ramu ikipata joto. Viwango vya DDR4 vyenyewe vinalitambua hilo: ikivuka nyuzi 85, amri za kujazia zinatakiwa zitoke mara mbili zaidi. Kwa kipimo cha kiwandani ningekuwa mbali kabisa na ukingo huo. Ila nilikuwa nimekata muda wa kujazia kwa robo nzima, na ukingo wangu ukasogea mpaka 46, mahali ambapo baridi ya mwezi wa sita isingeweza kunifikisha hata ningepima mwezi mzima.

Sasa tRFC iko 560, nanosekunde 311. Kasi bado 3600, mapigo 16, volti 1.35, na feni ndogo inapuliza ramu moja kwa moja. Ilipita saa 8 za kupimwa alasiri za mwezi wa kumi na moja, dirisha limefungwa, kipimajoto kikisoma 49. Filamu ya kipimo inachukua dakika 28 na sekunde chache. Sekunde hizo chache ndizo pekee nilizokuwa nimezipata kwa kukaza kule kote. Na sifuti kadi ya kamera kabla alama ya nakala haijalingana na ya kwenye kadi, ikisomwa mara mbili.

Mwaka huu shemeji yangu wa Kyela ameunda kompyuta, na kwa kuwa alinunua ramu za aina ileile, aliniomba nimpigie picha namba zangu azinakili.

"Shemeji, hizi ni za chumba changu," nikamwambia. "Kwako kule ni motoni."

"Si umesema umezipima na joto?"

"Joto la Mbeya."

Nikateremka naye. Kyela iko kule chini ziwani, kama mita 500 tu, hewa ni nzito kuliko yetu lakini mchana chumba chake kilikuwa nyuzi 33 na feni ya dari ikizunguka. Tuliweka namba zangu zote. Makosa yalianza dakika ya 12. Tukarudisha tRFC 630. Yakachelewa, yakaja baada ya saa moja. Tukashusha kasi hadi 3200, XMP kama ilivyotoka kiwandani, tukaenda kula samaki, tukarudi baada ya saa nne. Sifuri. Tukaiacha ilale inapimwa mpaka asubuhi, na asubuhi ilikuwa bado sifuri. Hapo ndipo tulipomfungulia madirisha ya chumba, akaanza kuingiza kazi zake.